2,147,483,647: namba iliyonifanya nimeze maneno yangu

Kama umenifuata kitambo, unajua niliacha kampasi mwaka wa pili, na mara ngapi nimewaambia hapa kwamba hesabu haimsaidii mtu yeyote? Leo nameza maneno yangu. Lawama ni za namba moja: 2,147,483,647.

Nilikutana nayo kwa sababu ya kazi. Mwezi wa 12, 2014, watazamaji wa Gangnam Style ya PSY walifika namba hiyo, na YouTube ikalazimika kupanua kaunta yake. Mbona hapo? Kaunta ilikuwa na nafasi 32, kila nafasi inaingia 0 au 1. Nafasi moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31. Sasa zidisha 2 kwa 2 mpaka uwe umetumia 2 thelathini na moja, kisha toa 1. Ndiyo hiyo. Kama debe, likijaa limejaa.

Lakini kilichonimaliza ni hiki: hiyo namba ni tasa. Haigawanyiki na chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Na Leonhard Euler alithibitisha hivyo mwaka wa 1772, bila kompyuta, akiwa mzee ambaye macho yalikuwa karibu kuzima kabisa.

Alifanyaje? Mimi ningejaribu kugawa kwa kila namba hadi 46,340, nizeeke hapo. Yeye alijua kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawa, ukiigawa yenyewe kwa 62, lazima ibaki 1. Zingine zote unatupa. Hakufanya kazi nyingi kutushinda, alijua kazi gani si lazima.

Manze, hakuna siku niliona hesabu hivyo. Kwangu ilikuwa kukariri fomula usiku wa kuamkia mtihani, asubuhi nasahau. Kumbe ni njia ya kupunguza mateso.

Tena cheki hii. Kikomo kipya cha kaunta ni 9,223,372,036,854,775,807. Kubwa balaa, si ndiyo? Lakini gawa kwa 7, inagawanyika bila kubakisha kitu. Ile ndogo haivunjiki, hii jitu inavunjika. Na sisi huku mtandaoni kazi ni kuulizana tu, "uko na wafuasi ngapi?" Hakuna anayeuliza hiyo namba imeundwa na nini.

Na haijamalizana na sisi. Mitambo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa nafasi 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Nairobi. Isiporekebishwa, itadhani ni 1901. Mtu atalipwa kuirekebisha.

Sirudi kampasi kesho, msianze. Ila yule aliyewaambia hesabu ni ya watu fulani tu alikuwa mimi, na nilikosea.