Mguu Upi, Daktari?
Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huku Tabora, aliyevunjika mguu vibaya kwa ajali ya bodaboda hupokewa hospitali ya Kitete, na pengine hupewa rufaa kwenda huko MOI, Dar es Salaam. Huko huenda asiwe na wa kumsemea. Kabla ya nusukaputi aulizwe jina lake kamili, na mguu wenyewe uchorwe alama kwa kalamu, ndugu yake, kama yupo, akiona. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 yataka mgonjwa atambuliwe na mahali pa kupasuliwa pawekwe alama. Ni karatasi moja tu! Akiumizwa, aelekezwe Baraza la Madaktari Tanganyika, tena akiwa na nakala ya faili lake mkononi.