Mauzo ya Nje na Ajira: Funzo la Njia Panda ya Chalinze

Kutoka Chalinze barabara moja huelekea Morogoro na nyingine Tanga, mikoa iliyokuzwa na mkonge. Jani la mkonge lina nyuzi asilimia 4 hivi tu; sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kulisafirisha mbali ni hasara, kwa hiyo husingwa kwa korona karibu na shamba. Ndiyo maana wakataji, waanikaji na wafunga robota walipata kazi papo hapo. Lakini nyuzi nyingi zilisokotwa kamba ng'ambo. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani 230,000 hivi. Kisha nyuzi bandia zikashusha bei, na ajira ikaporomoka nayo.

Nanasi la Kiwangwa, katika Halmashauri ya Chalinze, nalo huoza upesi: likisindikwa karibu, kazi hubaki karibu. Vigae vya Chalinze ni habari nyingine. Tanuru na mitambo hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Basi tusipime mauzo ya nje kwa fedha za kigeni pekee. Yatupasa kuuliza: kazi ngapi zimebaki kwetu, na bei ikianguka zitasalia ngapi?