Umepata Mboka Washington? Usichague Mtaa Kabla Usome Hii

Juzi beste yangu alituma picha mbili kwa grupu letu la WhatsApp. Amemaliza chuo huko Marekani, amepata mboka ya kompyuta Washington DC, na alikuwa anasaka keja. Picha ya kwanza ni chumba kimoja mtaa wa Shaw, kadogo hivi, kitanda na jiko vinasalimiana. Ya pili ni keja kubwa nje ya jiji, Prince George's, upande wa Maryland.

"Wasee, niingie gani?"

Grupu nzima ikasema ya pili. Ni kubwa na bei iko chini, sasa unauliza nini? Hata mimi nilisema hivyo. Halafu akajibu: "Hiyo ya pili lazima ninunue gari. Hata mkate nitaendea na gari."

Hapo ndio nilianza kucheki hii stori vizuri. Na juu kila mwaka kuna vijana wetu wanaenda huko kusoma na kusaka kazi, wacha niwapee rada.

Huko kutembea ni ya wadosi

Huku Nairobi ukionekana ukitoka Industrial Area na miguu hadi Kibera, kila mtu anajua fare imekataa. Marekani iko kinyume. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mitaa mingi ilijengwa ikifuata gari. Nyumba ziko pande hii, maduka pande ile, katikati barabara kubwa. Mtaa wenye unatoka kwa mlango na ndani ya dakika kumi umepata duka, kinyozi na stesheni ya treni ni kitu adimu, na kitu adimu kinalipiwa.

Kuna mtandao unaitwa Walk Score, ulianza 2007. Unapea kila mtaa alama kutoka 0 hadi 100 kulingana na vitu unaweza fikia na miguu. Shaw na jirani yake U Street ziko juu ya 90. Lakini keja ya chumba kimoja hapo inaweza kukula zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya 250K za Kenya, kila mwezi, buda.

Kabla uzimie, piga hesabu ya gari. Chama cha madereva cha AAA kilisema 2024 kwamba kukaa na gari mpya kunagharimu zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, ukiweka bima, mafuta, fundi na vile bei yake inaanguka. Hiyo ni kama dola 1,000 kwa mwezi. Keja ya 1,400 ukiongeza gari inafika 2,400. Ghafla kale kachumba ka Shaw si ujinga.

Kama stori ingekuwa ni chapaa pekee, ningeishia hapo. Lakini huku Nairobi wewe ni msee tu. Ukishuka Dulles unakuwa mtu mweusi kabla hata upate laini ya simu.

Nani alitoka ndio wewe uingie?

Zamani Washington ilikuwa inaitwa Chocolate City. Mwaka wa 1970, wakazi saba kati ya kumi walikuwa weusi. U Street ilikuwa base yao: kumbi za muziki, maduka, madaktari, mawakili, na chuo cha Howard hapo karibu tangu 1867. Duke Ellington, yule gwiji wa jazz, alikulia mitaa hiyo.

Na hawakukaa hapo kwa kupenda tu. Hati za nyumba nyingi zilikuwa na kifungu kinachokataza kuuzia mtu mweusi. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu, na 1948 majaji wakasema mahakama haziwezi kulazimisha watu kufuata vifungu hivyo. Moja ya kesi hizo ilitoka Bryant Street, mtaa wa Bloomingdale, karibu tu na Shaw. Sheria ya kuzuia ubaguzi kwa nyumba ilikuja 1968, mwaka ule ule Martin Luther King aliuawa na U Street ikachomeka kwa ghasia.

Baada ya hapo mtaa ulikaa miaka mingi umesahaulika. Stesheni ya treni ya U Street ilifunguliwa 1991, pesa ikarudi polepole, na bei ikapanda. Wale walivumilia miaka mibaya, wengi hawakuweza kulipia ile mizuri. Shirika la NCRC lilitoa ripoti 2019 ikisema karibu watu weusi 20,000 walisukumwa nje ya mitaa ya Washington kati ya 2000 na 2013. Leo weusi ni chini ya nusu ya jiji.

Mwaka huo huo wa 2019 kuna duka la simu hapo Shaw lilikuwa limezoea kucheza go-go, muziki wa nyumbani wa Washington, kwa spika za nje tangu miaka ya 90. Mkazi wa jengo jipya akalalamika kuhusu kelele, muziki ukazimwa. Watu walijaa barabarani wakisema DC haiwezi nyamazishwa, na muziki ukarudi. Mwaka uliofuata go-go ikafanywa muziki rasmi wa jiji.

Sasa swali gumu kwa beste yangu: yeye na mshahara wake wa kompyuta ako upande gani? Ni mweusi kama wale walisukumwa, lakini analipa bei ya wale walikuja. Ukweli ni kwamba ako pande zote mbili. Hawezi kurudisha mtu yeyote kwa keja yake akikataa kuingia, lakini anaweza kuchagua atakuwa jirani wa aina gani. Ile ya kuhamia mtaa juu ya vibe halafu unapigia karao simu juu ya muziki, hapana.

Njia ni moja, kuangaliwa ni tofauti

Walk Score inahesabu maduka na umbali. Haihesabu vile unaangaliwa ukipita.

Trayvon Martin alikuwa na miaka 17. Februari 2012 alikuwa anarudi na miguu kutoka dukani kule Sanford, Florida, akiwa na peremende na kinywaji. Mlinzi wa kujitolea wa mtaa alimshuku, akamfuata, akampiga risasi. Ahmaud Arbery alikuwa na miaka 25, anakimbia mazoezi Georgia Februari 2020. Wanaume watatu walimfukuza na magari, mmoja akamuua. Wote watatu walipatikana na hatia.

Hata mambo madogo yako hivyo. Jiji la New York mwaka wa 2023, zaidi ya tisini kati ya kila watu mia walioandikiwa kosa la kuvuka barabara vibaya walikuwa weusi au Walatino. Jiji likaondoa kosa hilo mwaka uliofuata. California ilikuwa tayari imelegeza sheria yake tangu Januari 2023.

Sasa unachagua aje?

Kwanza, piga hesabu ya keja na usafiri pamoja, usiangalie kodi pekee.

Pili, tembea mtaa mara mbili kabla uweke sahihi, mchana na saa tatu usiku. Angalia kama watu wanasalimiana, na nani anasimamishwa na polisi.

Tatu, usifikiri mtaa wa weusi ni kitu moja. Prince George's ni kati ya kaunti tajiri zaidi Marekani zenye weusi ndio wengi. Uko na watu wako, lakini sehemu kubwa unahitaji gari. Anacostia iko na treni na weusi ni wengi, lakini Ward 8, upande huo wa jiji, ilikaa miaka mingi na supermarket moja kubwa. Silver Spring, hapo tu ukivuka mpaka wa Maryland, iko na treni, maduka ya kutembelea, na Waethiopia wengi.

Nne, tafuta kinyozi kabla utafute keja. Akiwa karibu na anajua nywele zako, kuna watu kama wewe wanaishi hapo.

Beste yangu alifanya hivyo wikendi mbili. Aliingia Silver Spring, chumba kimoja, dakika nane hadi stesheni. Si bei ya kutupwa, lakini gari ameacha.

Alipoambia mathe yake, mathe hakuuliza kodi wala ukubwa wa jikoni. Aliuliza: "Ukirudi usiku, kuna mtu hapo anakujua?"

Akajibu, "Wa duka ananijua, mathe. Ameanza kuniita jina."

Mathe akasema basi sawa.