KINANDA SI CHA WAVULANA TU

Wenzetu fulani wanasema msichana kujifunza kinanda ni kupoteza wakati, juu ataolewa tu. Sisi tunakataa kabisa. Clara Schumann, Mjerumani aliyezaliwa Leipzig mwaka 1819, alipiga piano mbele ya watu akiwa na miaka 9. Mwaka 1835 akapiga konserto aliyoitunga mwenyewe. Aliolewa, akazaa watoto 8. Bwana yake Robert, naye mtunzi, aliugua akili, akafa 1856. Nani aliwalisha watoto? Ni ile piano, mji kwa mji, miaka na miaka! Kutunga tu ndiko alikoacha karibu kabisa, na hiyo inatuuma. Basi wasichana nao wapewe ufunguo wa kinanda cha kanisa, hata Jumamosi moja.