Spika Tano, Njia Mbili

Bumu likiingia, wengi wetu mguu Darajani kununua sabufa ya spika tano. Hata mimi. Nikazipanga chumbani Mji Mkongwe, mbele, kati na nyuma, nikaweka filamu. Helikopta ikapita, lakini haikunizunguka. Spika za nyuma zilirudia yale yale ya mbele.

Kosa si la spika. Zile waya nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu za sauti. Sauti ya kuzunguka, ile 5.1, ina njia sita: spika tano na besi. Inataka waya wa HDMI au ule wa mwanga, risiva inayoielewa Dolby Digital, na pleya isiyoishusha sauti kuwa njia mbili. Kwenye mipangilio yake chagua Bitstream. Na filamu yenyewe iwe imetengenezwa hivyo.

Kwa hiyo jamani, kabla hujatoa pesa, igeuze mashine uangalie mgongo. Ukiona matundu mawili tu, jekundu na jeupe, nunua spika mbili nzuri, chenji ikutolee fotokopi. Muuzaji anahesabu spika. Wewe hesabu njia.