Inkisari ya Namba

Ukiiamuru kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, katika lugha nyingi za programu hutapata 0.3. Utapata 0.30000000000000004. Wengi wetu hukimbilia kusema kuwa kompyuta imekosea. Mimi naona neno "kosa" halifai hapa, na kwamba istilahi zifaazo tunazo tayari katika ushairi wetu: inkisari na mazida.

Chanzo cha jambo hili ni ufinyu wa nafasi. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Nusu, robo na thumni huandikika humo kwa ukamilifu, lakini sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyokwisha tuiandikapo 0.333. Kwa kawaida namba ya namna hiyo hutengewa nafasi 53 za tarakimu, wala haiongezewi hata moja. Hiyo ndiyo mizani yake. Mshairi akibanwa na mizani, "aliyekuja" hugeuka "alokuja". Akipungukiwa, "afya" huwa "afiya". Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. 0.1 inayohifadhiwa imezidi kidogo mno, na 0.2 vilevile, 0.3 imepungua. Ndiyo maana mazida mawili yakijumlishwa hayakutani na inkisari moja.

Huu ni uhuru, si kosa. Lakini uhuru wa mshairi una sharti: ajue alichokikata, na maana isipotee. Kosa huanza pale sharti hilo linaposahauliwa.

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa Marekani ulishindwa kuzuia kombora la Scud lililotoka Iraki. Askari 28 wa Marekani waliuawa kambini. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na thamani ya 0.1 ilikuwa imekatwa ili itoshe katika nafasi 24. Kila mkato ulipoteza chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na upungufu ukafikia sekunde 0.34, muda ambao Scud huweza kwenda zaidi ya nusu kilomita. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Kwa hiyo jina si jambo dogo. Mwanafunzi akiambiwa "kosa", atangoja mashine bora itakayoliondoa, nayo haitakuja. Akiambiwa "inkisari", atauliza maswali ya mshairi: nimekata kiasi gani, na mkato huu utarudiwa mara ngapi? Fedha atazihesabu kwa senti nzima nzima. Namba mbili hatauliza kama zinalingana kabisa, bali kama tofauti yake ni ndogo ya kutosha.

Yuko atakayesema istilahi za ushairi ziachiwe washairi. Namkumbusha kwamba neno mizani latumika dukani na katika utenzi, na halijapungukiwa na heshima popote. Tunapodai Kiswahili hakina maneno ya sayansi, tuwe kwanza tumeyafungua makabati yetu wenyewe.