Bendera Bila Kura: Funzo la Zanzibar kwa Turkana

Msafiri anayeondoka Lodwar kuelekea Kitale husema kwamba anakwenda Kenya. Wageni huicheka kauli hiyo, ilhali si mzaha. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hii, mtu asiingie wala kutoka bila kibali, kisha ikaigeuza kuwa gereza la wazi. Lokitaung ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria, na mwaka 1959 Kenyatta akaletwa hapa Lodwar. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye ardhi yenye rutuba na mvua. Hivyo nchi kavu, isiyopakana na bahari hata kidogo, ilifanywa kisiwa.

Si ajabu basi kwamba wapenda mageuzi wengi wa Turkana huamini kuwa dawa ya kutengwa ni moja tu: tupewe mamlaka yetu, tugawiwe fedha zetu, na mengine yatajipa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Anayetaka kuiona nusu ya pili na avitazame visiwa vya kweli, ambavyo vimekuwa na mamlaka makubwa kuliko kaunti yoyote ya Kenya, na kwa muda mrefu zaidi.

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na vingine vidogo vidogo. Eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 3,000. Turkana ni kubwa kuliko Zanzibar zaidi ya mara ishirini. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu 1,889,773, ilhali sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu Turkana watu 926,976. Walio wengi kabisa ni Waislamu, na damu yao ni mchanganyiko wa Afrika, Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Ilipata uhuru Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Na Aprili 26 mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika.

Katika Muungano huo Zanzibar haikumezwa kabisa. Ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu, Katiba yake ya mwaka 1984, bajeti, na hata bendera. Yaliyo ya Muungano ni kama ulinzi, polisi, uraia na mambo ya nje. Orodha ya mambo hayo imekua kutoka 11 hadi 22, na Wazanzibari hulilalamikia jambo hilo kwa haki. Hata hivyo, lipo walilolipata ambalo sisi tungeliita muujiza: sheria ya petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 iliiruhusu Zanzibar kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe, na mwaka 2016 ikatunga sheria yake. Sisi, tangu mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, tumekuwa tukibishana na Nairobi juu ya asilimia.

Uchumi wa visiwa hivyo uliinuliwa na karafuu, ambayo sehemu kubwa huzalishwa Pemba. Kwa miaka mingi mkulima wa Pemba aliruhusiwa kuuza karafuu yake kwa shirika la serikali peke yake, kwa bei isiyotokana na jasho lake. Aliyeivusha usiku kwa mashua kuja pwani ya Kenya aliitwa mfanya magendo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wamekuwa wakilima mwani ufukweni, na leo utalii ndio uti wa mgongo, lakini hoteli nyingi ziko Unguja. Kwa hiyo hata ndani ya kisiwa kinachojitawala mna kisiwa kingine kinacholia kwamba kimesahauliwa. Mkazi wa Kibish au wa Lokori anayeitazama Lodwar kwa mbali ataelewa jambo hili bila mkalimani.

Sasa tuje kwenye kiini. Mamlaka yote hayo, je, ni ya nani? Katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. CUF ilizoa viti vyote 21 vya Pemba. Watazamaji walitilia shaka hesabu, na visiwa vikagawanyika pande mbili. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulivurugika zaidi. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi na polisi, wengi wao huko Pemba, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, katika pwani yetu ya Kenya.

Ndugu zangu wa Kakuma, litafakarini hilo. Tangu mwaka 1992 mmepokea watu kutoka Sudan, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na mmeona kwa macho yenu mwisho wa ugomvi wa madaraka usiopata mwamuzi. Wale wa Shimoni hawakutoka nchi iliyokosa serikali. Walitoka nchi yenye rais, baraza, bendera na bajeti. Walichokosa ni kura iliyohesabiwa na mtu wanayemwamini.

Yapasa kusema pia lililofanywa vizuri. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad waliketi pamoja. Hawakuishia kupeana mikono mbele ya kamera. Walilipeleka jambo kwa wananchi, na katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 waliunga mkono serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikabadilishwa, na chama cha pili kikapewa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulikuwa wa karibu sana, asilimia 50.1 kwa 49.1, lakini ulipita kwa amani. Hapa pana fundisho: amani ilishuka pale mapatano yalipoandikwa katika sheria na kuidhinishwa na wenye nchi.

Lakini tundu moja halikuzibwa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi huteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea mwenyewe. Tena Katiba ya Zanzibar, kama ilivyo ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano, huzizuia mahakama kuuchunguza ushindi wa rais uliokwisha kutangazwa. Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alijitokeza na kuufuta uchaguzi mzima wakati matokeo yakiendelea kutangazwa. CUF ilisusia marudio ya Machi 20, 2016, na Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ile ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika. Hata hivyo, Oktoba 2025 watu walipiga kura chini ya kizuizi hichohicho. Hussein Mwinyi akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 75, na ACT-Wazalendo kikayapinga matokeo.

Wapo watakaosema kwamba kosa lote ni la Dodoma na Dar es Salaam. Siwakatalii kabisa, maana polisi waliofyatua risasi mwaka 2001 hawakuwa chini ya Zanzibar, kama vile polisi wa Lodwar wasivyokuwa chini ya kaunti. Lakini tume ya uchaguzi ni ya Zanzibar, Katiba iliyoifungia mahakama mlango ni ya Zanzibar, na shirika la karafuu ni la Zanzibar. Mnyonge anaweza kunyongwa na mkono wa nyumbani.

Waumini wanalijua shamba la mizabibu la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi hakukosa urithi wala mipaka. Kilichomwangamiza ni baraza la hukumu lililokwisha kuamriwa na ikulu na mashahidi walioandaliwa. Mali isiyo na mwamuzi wa haki ni chambo kwa mwenye nguvu.

Sisi Wakenya tulilipia somo hili. Tulipanga foleni za mlolongo mwaka 1988, ambapo mstari mfupi uliweza kuushinda mrefu. Makanisa yalipaza sauti, watu wakaingia kizuizini, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Ibara ya 140 ya Katiba ya 2010 inamruhusu raia yeyote kuupinga uchaguzi wa rais mahakamani, na Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi kwa kuitumia ibara hiyo. Linganisheni: kwao uchaguzi ulifutwa na mhesabu kura kwa tamko la mtu mmoja, kwetu ulifutwa na majaji baada ya kusikiliza pande zote. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sheria na amri.

Lakini tusilewe. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 nchi hii ilikaa bila makamishna wa uchaguzi. Tume ya sasa inaongozwa na Erastus Edung Ethekon, mwana wa Turkana aliyewahi kuwa mwanasheria wa kaunti yetu. Tusimwombee upendeleo, tumdai haki kama tungemdai mgeni.

Kwa hiyo nasema haya kwa wanaharakati na kwa kila jumuiya ndogo ya kanisa. Kwanza, mfugaji aliye malishoni asikose kitambulisho wala kadi ya kura kwa sababu ya umbali. Tumsaidie mapema, si wiki ya mwisho. Pili, mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya kura ya rais hayawezi kubadilishwa na yeyote yakishatangazwa ipasavyo huko chini. Basi kila kituo kiwe na shahidi asiyenunulika, na fomu ya matokeo ibandikwe mlangoni ionekane. Tatu, Sheria ya Petroli ya 2019 imeitengea kaunti asilimia 20 na jamii ya wenyeji asilimia 5 ya mgao wa serikali. Wadhamini wa fedha hizo wapatikane hadharani, chini ya mti ambapo wazee, wanawake na vijana wote wanasikia, wala si hotelini usiku.

Tuendelee kudai mamlaka na mgao wetu, maana ni haki yetu. Lakini asiyelinda kura yake hukabidhiwa bendera, na mwingine akakabidhiwa nchi.